Nilivilipa Vidonge Kama Funga

Wiki iliyopita niliwaacha siku ya kwanza ya Ramadhani. Nilikuwa jikoni kwangu, Mtendeni, pakiti ya vidonge mkononi, mke wangu Najiat ananisihi nimeze na mimi nakataa. Wapo wasomaji walionipigia simu kunitukana kwa ubishi ule. Walikuwa na haki. Leo mtanitukana zaidi, maana leo nampiga mtu.

Kwa anayenikuta njiani: mimi ni Mfaume, fundi seremala. Karakana yangu iliungua na vitanda kumi na vitatu vya wateja ndani. Baada ya moto ule nikalala miezi saba. Si usingizi, nilikuwa macho. Nililala nimegeukia ukuta, siogi, sisali, mwanangu Ummy akiniita baba simwitikii.

Adinani, kaka yake Najiat, alisema nimerogwa. Siku moja alikuja akanimwagia ndoo ya maji pale nilipolala, mbele ya mwanangu, akisema ananizindua. Sikuinuka. Lakini sikusahau.

Nesi Yustina wa kliniki ya afya ya akili ndiye aliyesema ni ugonjwa, unaitwa sonona, na una dawa. Akaniandikia kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Akanionya nisitegemee ahueni wiki za mwanzo. Wiki ya nne nikaoga mwenyewe. Wiki ya sita nikashika randa. Kwa hiyo anayetaka kuniambia zile ni dawa za vichaa, aje kwanza na miezi yake saba ya kutazama ukuta ndipo tuzungumze.

Kulikuwa na sharti moja tu. Kila mwezi niende na pakiti yangu, nesi Yustina amwage vidonge mezani, ahesabu vilivyobaki. Mzembe alikuwa anakiona.

Ramadhani ikaingia.

"Meza jioni, baada ya futari," Najiat aliniambia.

"Nesi kaandika asubuhi."

"Basi meza wakati wa daku."

"Daku ni usiku, Mama Ummy. Nesi kaandika asubuhi. Mimi nimefunga, simezi. Au unataka nisifunge?"

"Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga."

"Mimi si mgonjwa. Nilikuwa mgonjwa."

Akanyamaza. Ningemjua vizuri mke wangu ningeogopa kunyamaza kule.

Siku kumi na moja nikafunga bila kidonge hata kimoja, nikawa mzima kabisa. Nafanya kazi, nasali tarawehe, nacheka na watu. Nikaanza kutamba moyoni. Nikajiona nimepona, na hawa watu wa kliniki wanatupa dawa ili tuzidi kwenda tu.

Siku ya kumi na mbili nikakumbuka kwamba tarehe ya kliniki ni ya kumi na nane ya mwezi huo wa mfungo. Nesi Yustina atahesabu. Atakuta vidonge kumi na kimoja vya ziada.

Mwingine angevitupa chooni. Mimi si mwongo. Mimi nikiharibu ninalipa. Mwaka juzi malaria ilinilaza siku tano za Ramadhani, nikazifunga zote tano baada ya Idi, sikubakiza. Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Siku uliyoikosa haifutiki, inakungoja, na wewe unairudisha.

Nikaona dawa nayo ni hivyo hivyo. Sikumuuliza mtu. Nilimeza vitatu kila jioni baada ya futari, kimoja cha siku hiyo na viwili vya kulipia, na jioni ya tano nikameza vinne ili hesabu ikae sawa. Nilijisikia mtu mwadilifu sana.

Jioni ya kwanza haikunifanya kitu. Ya pili nikaanza kutokwa jasho nimekaa. Taya zikabana, meno yanasagana yenyewe. Usingizi ukahama. Mikono ikatetemeka, na fundi anayetetemeka mkono hawezi hata kupiga msumari.

Tena nikawa na hasira. Si hasira ya kukasirikia jambo. Ilikuwa imekaa tu kifuani inatafuta mtu.

Wa kwanza alikuwa Gerson.

Gerson ni muuza mbao, Mmoraviani wa Tura, rafiki yangu wa miaka kumi na sita. Karakana ilipoungua yeye ndiye aliyenipa mbao za kuanzia. Siku hiyo aliniletea mbao za mninga, nikaona ubao mmoja una jicho, lile fundo la tawi lisilokubali randa.

"Huu una jicho," nikamwambia.

"Jicho dogo hilo, fundi. Liweke upande wa chini, nani ataliona?"

"Unanifundisha kuiba?"

"Mfaume, kwani umeamkaje leo?"

Nikampiga ngumi ya mdomo.

Gerson ana mwili mara mbili ya wangu. Angeamua, angenikunja. Alikaa chini kwenye vumbi la mbao, akatema damu na jino, akalitazama lile jino kiganjani.

"Mayo," alisema taratibu, kama wanavyomwita mama kwao. Kisha akanitazama. "Una nini? Macho yako si yako."

Nikamwambia akiongeza neno nitampiga na upande wa pili. Akaondoka, mbao zake akaziacha. Nikarudi kwenye meza yangu nikiwa na raha. Nasema kweli, raha. Nilikuwa sijapata raha kama ile tangu moto.

Kesho yake akaja mama mmoja wa Ipuli, mteja wangu, kuulizia kabati la binti yake anayeolewa. Aliuliza kwa adabu.

"Fundi, Idi ikipita nitalipata?"

"Unalitaka sasa hivi?"

"Hapana, baba, nauliza tu."

Nikachukua shoka nikalipasua kabati lake mbele yake. Mlango kwanza, halafu mgongo, halafu droo moja moja. Kibanzi kilimkata shavuni. Alikimbia akaacha kiatu kimoja, na mimi nikaendelea kupasua mpaka zikabaki kuni.

Nyumbani Najiat aliniona natetemeka na kijiko.

"Baba Ummy, twende kwa nesi."

"Tarehe kumi na nane."

"Twende leo."

Nikarusha bakuli ukutani. Tambi zikateleza hadi chini, Ummy akajificha nyuma ya mlango. Najiat hakulia. Aliokota vipande vya bakuli, akaingia navyo jikoni, nami nikadhani ameniogopa. Nikafurahi kwamba ameniogopa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko bakuli.

Sasa tufike siku yenyewe, tarehe kumi na saba. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemaliza vidonge vyote vya kulipa.

Baada ya alasiri nilikuwa uani nachonga miguu ya kitanda. Adinani akaingia bila hodi. Habari za Gerson na kabati zilikuwa zimeshamfikia, na mji wetu ukikusema husemwi nusu.

Hakunisalimu. Alipita moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Najiat, funga nguo zako na za mtoto. Tunaondoka."

"Kaka, subiri kidogo. Anaumwa."

"Ndiyo maana tunaondoka. Mimi nilimwozesha fundi. Sikumwozesha kichaa."

"Kesho tuna kliniki. Niachie mpaka kesho tu."

"Kesho nitakuja kuchukua maiti yako."

Akamshika mkono akamvuta. Najiat akajishika kwenye fremu ya mlango. Akamvuta tena kwa nguvu, Najiat akaanguka kwa magoti kwenye sementi, na Ummy akapiga kelele.

Mkononi nilikuwa na mguu wa kitanda, mninga mkavu, mzito.

Nilimpiga Adinani mara tatu.

Pigo la kwanza lilikuwa la mkono, ule uliomshika mke wangu. Nilisikia mfupa. Akamwachia, akageuka akinitazama kwa mshangao. La kwanza nina sababu yake na nitaisema mbele ya yeyote.

La pili lilimpata begani alipokuwa anarudi nyuma. Akaanguka.

La tatu alikuwa ameshaanguka. Alikuwa amekaa chini, ameinua mkono mzima, anasema, "Basi, shemeji, basi." Nilimpiga kichwani.

Watu husema "sikujijua". Mimi nilijijua. Nilikuwa nikiiona ile ndoo ya maji. Vidonge vilinitetemesha mikono, vilinikosesha usingizi, vilinipandisha joto, lakini ndoo ile haikuwa ya vidonge. Ilikuwa yangu tangu siku aliponimwagia, na jioni ile nikamrudishia.

Majirani wakaingia. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali". Ni kweli, wana hasira, na wana mateke. Walinipiga mpaka jicho moja likafunga, wakanifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya uani mwangu, na aliyewazuia wasinimwagie petroli alikuwa Gerson, mdomo wake bado umevimba. Aliwaambia, "Huyu si yeye. Mwiteni polisi." Adinani akapakiwa kwenye bajaji kupelekwa hospitali, kichwa chake kimeegemea mapajani mwa dada yake.

Asubuhi yake nikatolewa mahabusu kwenda kutoa maelezo. Sajenti Ngollo ni Msukuma mrefu, mpole, anayeandika polepole. Alikuwa amemwita Nesi Yustina, na Najiat alikuwa pale, gauni lake lina damu ya kaka yake. Niliposikia Adinani yu hai, amelazwa, bado hajazinduka vizuri, nilishukuru. Nilidhani mabaya yameishia hapo.

"Huyu ni mgonjwa wako?" sajenti alimuuliza nesi.

"Wangu."

"Anameza dawa?"

Nesi Yustina akafungua kadi, akamwaga mezani vidonge vyangu alivyokuja navyo Najiat, akavihesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena.

"Viko sawa. Kimezidi kimoja tu, cha jana."

"Jana jioni nilikuwa mahabusu," nikasema.

"Kwa hiyo amemeza kama alivyoandikiwa," sajenti akasema, akiandika. "Basi alikuwa na akili zake."

Hapo ndipo nikaona hesabu niliyoihangaikia inanifunga. Nikawaambia ukweli wangu, siku kumi na moja bila kidonge, kisha jioni tano za kulipa. Nesi Yustina akavua miwani.

"Ulilipa nini?"

"Nilivyovikosa."

"Mfaume, dawa hailipwi. Ukiikosa umeikosa, unaendelea na ya siku hiyo. Kwa nini hukuniuliza? Ningekuandikia umeze jioni mwezi mzima, ni neno la dakika moja."

Sajenti akainuka kwenda kutafuta fomu nyingine, akatuacha watatu, askari wa zamu akiwa mbali kaunta. Nesi alikuwa bado ananitazama.

"Na zile siku kumi na moja ulikuwaje? Kizunguzungu? Shoti kichwani? Kulia ovyo?"

"Nilikuwa mzima."

"Mzima kabisa? Wengi wakiikatisha ghafla huyumba. Na vidonge vitatu vinaweza kukuharibu, lakini mtu aliyekaa siku zote hizo bila dawa..." Akamgeukia Najiat. "Mama, alikuwa anakula nini daku?"

Najiat akainamisha kichwa.

"Uji," alisema.

"Wa nini?"

"Wa mtama. Na asali nyingi."

Niliukumbuka uji ule. Nilikuwa nimemsifia kwa asali. Nilimwambia mwaka huu umepata asali ya kweli ya porini.

"Nilikwenda duka la dawa Ipuli na pakiti tupu," Najiat akanong'ona. Alikuwa ananiambia mimi, si nesi. "Wakaniuzia. Nikawa nasaga kimoja kila daku tangu siku ya pili. Nisamehe, Baba Ummy. Nilikuona miezi saba ukutani. Nisingeweza tena."

"Na nilipoanza kutetemeka?"

"Nikadhani dawa haikutoshi, maradhi yanarudi. Nikaongeza cha pili."

Mimi nikilipa deni ambalo halikuwepo, na yeye akiniongezea kila nilipozidi kutetemeka. Nilitaka kumpiga. Hapo hapo, ndani ya kituo cha polisi. Kisha hamu ile ikaondoka, nikabaki nimechoka, na nikampenda kuliko siku niliyomwoa.

"Lazima sajenti aambiwe," nesi Yustina akasema. "Dawa ikizidi inamchemsha mtu. Joto, kutetemeka, kukosa usingizi, hasira. Ni jambo la kitabibu."

"Ukisema dawa ilizidi, watauliza nani aliizidisha," nikamwambia. "Mke kumwekea mume unga kwenye uji. Unajua mtaani watauitaje? Watauita limbwata, uchawi wa kumtawala mume. Hakuna atakayesikia neno kliniki."

"Mimi sitasema uongo, Mfaume."

"Usiseme uongo. Usiseme chochote."

"Nikiulizwa nitajibu."

Sajenti Ngollo akarudi. Akawaomba wanawake wasubiri kwenye benchi la nje, akafunga mlango, akaweka karatasi mpya mbele yake.

"Mfaume, mimi si mgeni hapa. Majirani zako wote wanasema kitu kimoja. Umebadilika ghafla, siku nne, tano. Mtu habadiliki hivyo. Nakuuliza kama kaka yako. Kuna mtu alikuwekea kitu kwenye chakula?"

"Kwa nini unauliza hivyo, afande?"

"Kwa sababu kama yupo, kesi inahamia kwake. Wewe unakuwa shahidi. Unalala nyumbani leo."

Nilifikiri juu ya Ummy. Mama yake akiingia ndani, atalelewa na nani? Na mimi hawa watu watanifanyaje? Adinani atapona. Kumjeruhi mtu, miaka miwili, mitatu, pengine fidia tukaelewana kifamilia. Nitatoka. Najiat ataningoja, na dawa nitameza jioni kama watu wenye akili.

"Hakuna aliyeniwekea kitu," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nilimpiga nikiwa na akili zangu timamu. Alinimwagia maji siku moja, nilikuwa na kinyongo naye. Andika hivyo."

Akaandika. Alinisomea neno kwa neno, kinyongo kikiwemo. Nikaweka sahihi, nikaweka na dole gumba pembeni, wino ukaniingia kwenye kucha. Nilijiona mwanamume kwa mara ya kwanza tangu karakana iungue.

Simu yake ikaita.

Alisikiliza. Akasema "sawa" mara mbili. Akaiweka mezani, akaishika ile karatasi yangu, akaitazama sahihi.

"Shemeji yako amefariki," alisema. "Damu ilivujia kichwani. Nusu saa iliyopita."

Nikafuta dole gumba lenye wino kwenye suruali.

"Sasa hii si kesi ya kujeruhi tena, Mfaume. Ni mauaji. Na umeniandikisha mwenyewe kwamba ulikuwa na akili timamu na kinyongo." Akashusha pumzi. "Hukumu yake unaijua."

Mlango ulikuwa mwembamba. Nilimsikia Najiat nje akimuuliza nesi Yustina kama hospitali wataruhusu kuona wagonjwa mchana, maana anataka kumpelekea kaka yake shuka safi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu kabla ya kuliandika kwenye gazeti hili. Nilinyoosha mkono juu ya meza.

"Afande," nikasema, "nirudishie hiyo karatasi. Kuna kitu nimesahau kukisema."

Sajenti Ngollo hakunirudishia. Alifungua kalamu yake, akavuta karatasi nyingine nyeupe, akaandika tarehe juu.

"Sema," akaniambia. "Taja jina."